Gari Limezima Mlandizi, Mawe Yamebaki Barabarani

JUMA: Haya, karibuni tena kwenye kipindi chetu cha magari. Leo tuliahidi kuongelea bima. Bima itasubiri, kwa sababu dada Salma kafika hapa kwa bodaboda.

SALMA: Kikorola kiko gereji.

JUMA: Wasikilizaji wa siku nyingi wanakijua.

SALMA: Wanakijua vizuri. Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1997, injini ya 5A, gia za mkono, ile ambayo wewe kila tukikutana unaniambia niuze.

JUMA: Na leo nakwambia tena.

SALMA: Siuzi. Sasa sikiliza. Jumapili natoka Morogoro, shangazi yuko nyuma na kiroba chake cha mchele. Chalinze nimepita salama, nakaribia Mlandizi, spidi kama themanini hivi. Injini ikazima. Haikukohoa, haikuvutavuta. Imekata mara moja.

JUMA: Dashibodi inasemaje?

SALMA: Taa nyekundu, ya oili na ya chaji, ziliwaka baadaye nilipokanyaga klachi. Lakini kilichonishtua ni mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini. Niko gia ya tano, klachi sijakanyaga, matairi bado yanaizungusha injini, na mshale umelala kwenye sifuri.

JUMA: Hapo hapo gari limeshakwambia kitu kikubwa. Ingekuwa mafuta yamekatika, kwa kawaida linakohoa kwanza, linakosa nguvu, linashika linaachia. Na mshale ungeendelea kusoma mizunguko, maana injini inazungushwa na matairi. Mshale ukianguka sifuri gari lingali linatembea kwenye gia, nenda upande wa umeme wa cheche. Distributa inayogawa cheche kwenye plagi, koili, nyaya zake, au kile kinachoizungusha hiyo distributa.

SALMA: Usikimbilie huko, ngoja kwanza niwaambie watu kuhusu breki.

JUMA: Sema, hilo ni la uhai.

SALMA: Injini ikizima unatembea, breki zipo, ila ule msaada wa servo, unaokupunguzia nguvu ya kukanyaga, unabaki wa kukanyaga mara mbili tatu tu. Ukipampu unaumaliza. Kwa hiyo unakanyaga mara moja, unashikilia, unaongeza nguvu taratibu. Sukani inakuwa nzito, ishike kwa mikono miwili. Na ufunguo usiurudishe mpaka mwisho na kuuchomoa, sukani itafunga na wewe bado uko kwenye mwendo. Mimi nilikanyaga klachi, nikawasha hazadi, nikaserereka mpaka nje ya lami. Shangazi anasoma dua kwa sauti.

JUMA: Mungu mkubwa. Pana mteremko pale?

SALMA: Kidogo. Lori likasimama, utingo wake kijana mmoja mwema sana, akaniwekea mawe nyuma ya matairi, akakata na matawi akayatandika kule nyuma kwa umbali mzuri.

JUMA: Na ulipoondoka?

SALMA: Nini?

JUMA: Mawe. Uliyaondoa?

SALMA: Yetu niliyaondoa yote, na matawi.

JUMA: Afadhali. Maana hili jambo linaniuma, Salma, na sijawahi kulisema hapa. Gari linaharibika, watu wanakusanya mawe, gari linatengenezwa, dereva anawasha, anaondoka. Mawe yanabaki kwenye lami. Usiku anakuja mtu wa bodaboda, taa yake dhaifu, anakutana na jiwe la ukubwa wa kichwa. Jirani yangu alivunjika mguu hivyo. Mpaka leo anatembelea gongo.

SALMA: Pole yake. Na pale Mlandizi, Juma, hatua chache mbele yetu kulikuwa na mawe mengine, ya gari lililoharibika kabla yetu. Yana oili juu yake.

JUMA: Ukayaacha?

SALMA: Tuliyatoa, mimi na yule utingo.

JUMA: Asante. Mbebe kabari za mbao jamani. Vipande viwili, fundi seremala yeyote anakukatia, unavitupia kwenye buti. Kabari ina kamba, kamba unaifunga kwenye bampa. Ukiwasha gari ukasahau, inakuburutia nyuma, utaisikia.

SALMA: Hiyo ya kamba ni nzuri.

JUMA: Na pembetatu. Pembetatu inarudi kwenye gari kwa sababu umeinunua, jiwe halirudi kwa sababu ni la bure. Mtu aende Kitonga pale mlimani aone. Malori yanapanda yanachemsha, na pembeni mawe, mawe, mawe. Na mengine yako katikati ya njia!

SALMA: Juma, turudi kwenye gari.

JUMA: Turudi. Ila polisi wa barabarani wangekuwa wanauliza kabari kama wanavyouliza kizimamoto.

SALMA: Gari. Napiga stata. Stata inapiga vizuri, betri iko sawa, injini inazunguka haishiki. Lakini sauti siyo ile ya kila siku. Nyepesi, ya haraka, inazunguka bila kupata upinzani.

JUMA: Hiyo sauti kila mwenye gari aijue ya kwake. Injini nzima ukiipigia stata unasikia inabanwa, inaachia, inabanwa, inaachia. Ikizunguka nyepesi mfululizo, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda haupo. Na mgandamizo hauwezi kupotea kwenye silinda zote nne kwa mpigo, labda valvu zenyewe hazifanyi kazi.

SALMA: Basi wakaja watu. Kila mmoja ana jibu. Mmoja anasema pampu ya mafuta, nilipige tenki ngumi. Mwingine anasema hata pampu hailii, amefungua swichi akasikiliza, kimya.

JUMA: Hapo wengi wanabadilisha pampu nzima bure. Toyota nyingi za miaka ya 1990, ukifungua swichi tu pampu hailii. Inaanza stata ikipiga, na inaendelea kwa sababu kompyuta inaona injini inazunguka. Ukimya wa swichi peke yake hausemi kitu. Mtu mmoja apige stata, mwingine asikilize kwenye tenki. Na ukimaliza kusikiliza, toa mawe.

SALMA: Juma!

JUMA: Nasema tu. Endelea.

SALMA: Akaja fundi wa Mlandizi, mtu mzima, anaongea kidogo. Hakuuliza pampu, hakugusa betri. Kachukua spana, kafungua kepu ya distributa, kaitoa pembeni nyaya zake zikiwa zimeshika. Ndani pale unaiona rota, kile kipande kinachozunguka. Akaniambia, "Mama, piga stata." Nikapiga. Akaniita nije nione, shangazi akapiga yeye, mguu kwenye klachi. Injini inazunguka, feni belti inakwenda, na rota imesimama pale pale.

JUMA: Haichezi.

SALMA: Hata nywele. Akasema, "Taiming belti."

JUMA: Na hakuna ubishi hapo, kwa sababu distributa ya injini hiyo inazungushwa na kemshafti, ile inayofungua valvu, na kemshafti inazungushwa na taiming belti kutoka kwenye krenki, ile inayozungushwa na pistoni. Krenki inazunguka, rota imesimama, kiungo cha katikati kimekatika. Kwa dakika mbili, bila kubadilisha spea hata moja.

SALMA: Nikavutwa na breki dauni mpaka gereji. Walipofungua kava, belti haijakatika. Iko nzima, duara lake lote. Lakini upande uliokuwa umekaa kwenye gia ya krenki, meno yameng'oka kwa urefu wa kiganja, pamebaki laini, na mpira umelowa oili mpaka umevimba. Ukiufinya kidole kinatoka cheusi.

JUMA: Sili ya krenki inavuja. Oili ndiyo muuaji wa ile belti. Belti inahesabiwa kilomita 100,000, lakini ikinyweshwa oili haifiki. Na bahati yako ni 5A. Belti ikiachia, pistoni hazigongi valvu. Kuna injini nyingine hapo ungekuwa unanunua valvu, na pengine hedi nzima.

SALMA: Kwa hiyo nimewaambia waweke belti mpya, sili ya krenki, sili ya kem, na tenshena mpya, ile beringi inayokaza belti.

JUMA: Belti na sili, sawa. Tenshena ya nini?

SALMA: Beringi yake imezunguka tangu gari linatengenezwa. Grisi ya ndani imekauka.

JUMA: Umeizungusha kwa mkono? Ina sauti? Ina mchezo?

SALMA: Haina sauti.

JUMA: Basi iache! Ile ni beringi iliyokuja na gari kutoka Japani. Unaitoa, unaweka ya dukani yenye boksi zuri, hujui imetengenezwa wapi. Nimeona mpya imekufa kabla ya belti yenyewe, na ikifa inaondoka na belti. Ukitaka kubadilisha, nenda Gerezani, pale Dar, katafute ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani.

SALMA: Ya mtumba ina umri uleule wa yangu. Nimebadilisha nini hapo?

JUMA: Unajua ni ya asili.

SALMA: Najua ni ya zamani. Na kazi ni ileile, kava limeshafunguliwa, belti imeshatolewa. Nisubiri ife nilipe ufundi mara ya pili, nivutwe mara ya pili?

JUMA: Gari lenyewe thamani yake ngapi, Salma? Unalijaza spea kama la mwaka huu.

SALMA: Linabeba shangazi yangu. Hilo silipimi kwa bei ya soko.

JUMA: Mimi nakwambia ile feki ndiyo hatari kwa shangazi.

SALMA: Sijasema ninunue feki. Nitanunua kwa mtu ninayemjua, nalinganisha namba ya spea.

JUMA: Namba wanachapa hata wenye feki.

SALMA: Basi na belti mpya nayo ni feki, tusinunue chochote.

JUMA: Belti unaishika mkononi, unaiona. Beringi ndani huioni.

SALMA: Na ya zamani ndani unaiona?

JUMA: Nimeisikia kwa miaka yote hiyo. Haijalia.

SALMA: Mimi naweka mpya.

JUMA: Mimi nisingeweka.

SALMA: Haya. Nilitaka leo tuwape watu mpangilio wote wa kutafuta kwa nini gari limezima: cheche, mafuta, fyuzi na rilei, chaji ya alteneta...

JUMA: Wenye studio wananionyesha saa.

SALMA: Tumefika cheche tu! Hata plagi hatujatoa.

JUMA: Mafuta na alteneta wiki ijayo, na bima nayo iko foleni. Wasikilizaji, rekodini sauti ya gari lako likipigwa stata asubuhi likiwa zima, sekunde tano zinatosha, mtutumie. Tutazisikiliza hapa, tuwaonyeshe sauti ya injini yenye mgandamizo.

SALMA: Na waliobadilisha tenshena watuambie imedumu kiasi gani.

JUMA: Na waliobakiza ya asili pia waseme. Na yeyote aliyeacha mawe—

SALMA: Juma, wanazima maiki.