Uchungu Umeenda Wapi?

Wazazi, walimu wenzangu, mwangaluka! Nimeombwa niseme habari ya lishe shuleni. Lishe mnaijua, mabango ya kliniki mmeyasoma tangu mimba ya kwanza. Mimi nitasema mgagani, ile mboga chungu ya majani. Walionisikia Nyegezi na Igoma wanivumilie.

Mara ya kwanza kupika na darasa la kwanza nilikosea. Nilipika mwenyewe, watoto wamekaa mkekani wananitazama kama watazamao mpira. Ulipoiva wakala ugali, mgagani wakausukumia pembeni ya sahani. Nikamsimulia mama anayeniuzia mboga Kirumba, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, umewanyima kazi halafu unataka wakusifie upishi?"

Mara ya pili nikawamwagia mafungu mbele yao. Namsikia mama mmoja huko nyuma: watajikata. Kwa kitu gani? Mgagani haudai kisu, jani linanyofolewa kwa vidole. Halafu mtoto wako huyo huyo Jumamosi anaparua magamba ya sato na kisu butu, mbona hujapiga kelele?

Basi. Kabla ya jiko, kila mtoto alitafuna jani moja bichi. Mngeziona zile nyuso! Wapo waliotema, mmoja akakimbilia bomba. Tukachemsha, tukaonja tena: uchungu umepungua. Pakawa kimya. Kisha katoto kamoja, ambako 3 bado kanaiandika imegeuka nyuma, kakauliza: "Mwalimu, uchungu umeenda wapi?"

Nimeshika chaki miaka 26, swali kama hilo sijaletewa na mkaguzi yeyote. Mmoja akasema umepanda na mvuke. Mwingine, umeungua. Sikuwajibu. Nikachota yale maji ya kijani, nikayapoza, nikawapa kijiko kijiko. Waliruka! Kumbe umejificha humo. Hiyo ni sayansi, jamani, na hatukununua hata kitabu kimoja.

Haya, najua kuna bwana afya hapa anakuna kichwa: unamwaga vitamini. Kweli, vitamini C inayeyuka kwenye maji na moto nao unaipunguza. Ndiyo maana mchicha tunaupika kwa maji yake wenyewe, hatumwagi kitu. Lakini karotini, ile ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, haiyeyuki kwenye maji. Yenyewe inataka mafuta, na hapo ndipo karanga zinapoingia: zimekaangwa, zimetwangwa, zimekorogwa na maziwa kidogo, zinamiminwa juu ya mgagani uliochujwa, moto mdogo. Wakaonja mara ya tatu. Siku ile sufuria ilikwanguliwa, na kale kalikokimbilia bomba ndiko kaliuliza kama kuna ukoko.

Ukiwaonjesha kilichoiva tu, umewapa chakula, hadithi umeila mwenyewe. Mara tatu! Kibichi, kilichochemka, kilichoungwa. Na msiniletee magadi. Yanalainisha, sikatai, lakini vitamini yanaiharibu.

"Wavulana nao?" Wavulana wanakula? Wachambue.

Mengine nayapitisha haraka. Karanga zichaguliwe, zenye ukungu na zilizosinyaa zitupwe, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaangwa. Tena waulizeni wazazi mapema ni mtoto gani karanga zinamdhuru. Mboga ioshwe kabla ya kunyofolewa. Kitunguu akate mkubwa. Jikoni chora mstari wa chaki, na anayeuvuka harudi leo. Watoto 60? Makundi, mwalimu, kama unavyofanya kwenye hesabu.

Nilikuwa na habari ndefu ya nsansa, ile mboga kavu, na namna bibi zetu walivyokausha majani ya kunde kungojea kiangazi, ila mwalimu mkuu ameshanionyesha saa mara mbili. Maji ya kunawa yako mlangoni. Mafungu 7 yako mezani, na jiko limeshawaka. Akina baba, njooni mbele. Ninyi mtaanza na jani bichi.