Mwamuzi Anaona, Lakini Hasemi

Ndugu zangu, nataka tukae na kanuni moja ya besiboli inayonivutia kuliko zote: rufaa, yaani kosa ambalo mwamuzi haliadhibu mpaka timu pinzani ilidai.

Twende Phoenix, Marekani, tarehe 12 Aprili 2009. Timu ya Dodgers inapiga, Diamondbacks wanalinda. Zamu ya kupiga huisha watu watatu wakitolewa, na mmoja keshatolewa. Andre Ethier yuko kituo cha tatu, Juan Pierre cha pili. Randy Wolf anaupiga mpira ukaenda moja kwa moja kwa mrushaji, Dan Haren, naye anaudaka kabla haujagusa chini. Wolf ametolewa, wa pili huyo. Pierre keshachomoka kituoni. Haren anarusha kituo cha pili, Pierre anaguswa. Wa tatu! Diamondbacks wanarudi benchi, zamu imekwisha.

Lakini Ethier alikanyaga kituo cha nyumbani kabla Pierre hajaguswa. Pointi ikahesabiwa.

Najua mnachotaka kuuliza. Mpira ukidakwa angani, mkimbiaji si lazima arudi kukanyaga alikotoka? Ni lazima, na Ethier hakurudi. Kosa lake lilikuwa lile lile la Pierre. Tofauti ni kwamba la Ethier hakuna aliyelidai. Diamondbacks wangerusha mpira kituo cha tatu na kumdai kwa mwamuzi, Ethier angetolewa na pointi ingefutika. Angekuwa wa nne katika zamu ya watu watatu! Kanuni inakubali: huyo wa nne huchukua nafasi ya wa tatu. Ila mrushaji na walinzi wote wa ndani, wale wa karibu na vituo, wakishavuka mistari ya pembeni kuelekea benchi, haki hiyo imepotea.

Mwamuzi anaweza kuyaona yote hayo, na hapaswi kumtonya mtu. Chukueni mpangilio wa wapigaji. Akipiga mtu asiye na zamu, kanuni inamkataza mwamuzi kulitaja. Wapinzani wakidai baada ya yeye kumaliza, anayetolewa ni yule aliyepaswa kupiga, aliyekuwa amekaa benchi! Wakichelewa, mrushaji akamrushia mpigaji anayefuata mpira mmoja tu, basi kosa limegeuka halali.

Wapo wanaoona huu ni uonevu, kwamba mwamuzi kazi yake ni kusema anachokiona. Mimi sikubaliani nao. Kanuni hii imeyafanya macho ya wachezaji kuwa sehemu ya mchezo, sawa na mikono na miguu yao, na mchezaji aliyesinzia hulipa.

Siku nyingine mkimbiaji akiserereka nyumbani, akakikosa kituo, na mdakaji, mlinzi wa kituo hicho, naye akakosa kumgusa, msimtazame mkimbiaji. Mtazameni mwamuzi. Hatanyoosha mikono kusema amefika, wala hatainua ngumi kusema ametolewa. Atasimama kimya, na mdakaji anayejua kusoma kimya hicho atageuka mara moja kumfukuza mtu wake.