Bustani za Guangzhou ziko hapo hapo tunapolala

Haya jamani, asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Naona mama zangu wa vitenge mmekaa mbele, vijana wa simu na spea mmejificha huko nyuma karibu na feni, sawa. Nimeambiwa niongelee Guangzhou, ule mji wa China tunakofuata mzigo, ila nisiguse bei wala kontena, sasa sijui aliyepanga ratiba hii ananijua vizuri, lakini nitajitahidi.

Nani humu ameshafika Guangzhou? Nyoosheni mikono. Eeh, zaidi ya nusu. Na nani ameingia Yuexiu Park, ile bustani kubwa? Mmoja, wawili... wewe shusha, ulipiga picha getini ukarudi. Mnaona sasa? Tunalala Xiaobei, mtaa wetu wafanyabiashara wa Kiafrika, wiki mbili nzima, tunaamka, sokoni, tunarudi, tunakula, tunalala, na hiyo Yuexiu ni mwendo wa miguu tu kutoka hapo, bure, na kama miguu inauma ina stesheni yake ya metro, laini namba 2, jina hilo hilo.

Na mimi sijitoi, nilikuwa hivyo hivyo safari tatu. Ya nne kuna kiwanda kikanizungusha, mzigo ulikuwa utoke Jumatatu, wakasema kesho, kesho ikazaa keshokutwa, siku sita niko hotelini nahesabu nyufa za dari. Siku ya tatu nikasema potelea mbali, nikatoka saa kumi na mbili asubuhi, nikaona wazee wengi wote wanaelekea upande mmoja, nikawafuata, maana wazee hawawezi kukimbilia mahali bure asubuhi yote ile.

Kumbe wanaingia Yuexiu, yaani humo ndani nilishangaa. Nilizoea bustani ya kuangalia, ile ukikanyaga nyasi askari anapiga filimbi. Wale wanaitumia. Huku kundi la taichi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, kule kina mama wamewasha spika wanacheza kwa mistari kama wako kwenye shughuli, na kuna mzee mmoja alikuwa na brashi ndefu kama fagio la kusimama, anachovya kwenye ndoo ya maji matupu anaandika herufi za Kichina chini kwenye sakafu, herufi nzuri kweli, akifika mwisho wa mstari ule mwanzo umeshakauka. Nikamwonyesha kwa mkono, mzee mbona inafutika? Akacheka, akachovya, akaandika tena juu ya pale pale. Nilisimama pale mpaka chai ikanipita. Alafu nikaitwa kwenye duara la jianzi, ni kama danadana ila badala ya mpira ni kitu kidogo cha manyoya, nikakiangusha mara nne, wazee wakanionea huruma wakaacha kunipasia.

Ukipanda kilima utawakuta mbuzi watano wa mawe, sanamu ya mita 11 hivi, imejengwa kwa vipande zaidi ya 130. Wenyeji wanasema zamani mji ulipata njaa, wakashuka watakatifu watano juu ya mbuzi watano, wakawapa watu masuke ya mpunga wakaondoka zao, mbuzi wakabaki wakageuka jiwe. Ndo maana Guangzhou wanaiita mji wa mbuzi. Ukimwangalia yule mkubwa wa juu ana suke mdomoni. Juu zaidi kuna mnara wa Zhenhai wa 1380, wenyeji wanauita ghorofa tano tu, ndani ni makumbusho, hapo ndo kuna kiingilio na pasipoti uwe nayo.

Sasa miti. Ukishuka upande wa kusini kuna ukumbi wa Sun Yat-sen, yule mwasisi wa Jamhuri ya China, na kwenye uwanja wake kuna mti una zaidi ya miaka 300. Mimi kwetu Tanga, nimeutazama nikasema huu mbona ni msufi? Sio msufi wetu wenyewe, ni ndugu yake wa karibu, ua lake ndo ua la mji. Mwezi wa tatu unapukutisha majani wote unabaki maua mekundu, makubwa kama kiganja, mazito, likianguka unasikia pu! Na kila likianguka kuna bibi anaokota, wanayaanika wanachemsha chai na supu. Mkienda Aprili kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, yale ya tangu 1957, maua yanakuwa yanaisha, mwisho mwisho wa mwezi sufi zinaanza kuruka hewani kama kwa bibi yangu siku ya kujaza mito.

Waislamu wenzangu, msikiti wa Xianxian uko ng'ambo ya barabara ukitoka Yuexiu, umepakana na bustani ya okidi. Kuna kaburi ambalo Waislamu wa China wanasema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, wanahistoria wengi wanasema yeye kazikwa Madina, mimi sitaki ugomvi, nenda Ijumaa ukaswali, pale nje kuna mishikaki ya kondoo.

Na maziwa. 1958 watu wa mji walichimba maziwa manne kwa mikono, Liuhua ni mojawapo, mabondeni ambako maji yalikuwa yanatuama. Siku hizi lina kisiwa cha yangeyange, jioni wanarudi kulala miti inakuwa myeupe. Nyie wa Jangwani, bonde letu la mafuriko pale Dar, najua mnachofikiria na mimi nilifikiria hicho hicho.

Baiyun Mountain ni ya kutafutia nusu siku, mita 382, kuna kebo ya kupanda, ila wazee wanapanda kwa miguu wanakupita huku wanaimba. Chimelong yenye wanyama ni mbali na ghali, mkiwa na watoto sawa wakaone panda, ila mtu katoka Tanzania anapanga foleni kumwona twiga, hapana.

Oktoba na Novemba ndo kuzuri, kukavu. Kuanzia Mei ni mvua na jasho, shati linakugandia kabla hujafika getini.

Haya, swali. Mama pale wa mtandio wa njano. Eti vyoo? Vipo, bure, vingi vya kuchuchumaa, karatasi nenda na yako. Na wewe dada? Kama unaweza kuokota zile sufi ukaja kujazia mito? Hahaha, dada yangu, kilo zako za ndege utazihitaji kwa mzigo, sufi waachie.