Soma Jani la Mhindi Kabla ya Kununua Dawa

Hamjambo wakulima wenzangu. Leo tuko Malindi, kando ya Mto Sabaki. Masika yamekolea, joto lipo na majani hayakauki. Bakajani, ugonjwa wa kuvu unaoleta madoa kwenye majani ya mahindi, linapenda hali hii hasa.

Ingia shambani asubuhi. Usiishie pembeni mwa njia, katiza katikati. Anza na majani ya chini, kisha panda hadi jani lililoshika gunzi.

Sasa liinue jani lipigwe na jua, hivi. Tazama doa hili: rangi ya udongo mkavu, refu kiasi, limebanwa kati ya mishipa, na ukingo wake ni wa kahawia. Lipanguse kwa kidole. Kidole kikitoka na unga wa rangi ya chungwa, hiyo ni kutu. Hapa hakuna unga.

Huo ukingo ndio nataka muutazame sana. Mbegu ya kuvu ikiangukia jani lenye maji huotesha uzi mwembamba unaopenya ndani. Seli za mhindi huitambua kaitini, dutu ngumu iliyo kwenye ukuta wa kuvu, nazo humwaga haidrojeni peroksidi, kemikali kali ya kujikinga. Seli jirani hukaza kuta zao kwa lignini, dutu inayoupa mti ugumu, kemikali za mmea ziitwazo fenoli hugeuka kahawia, na vimeng'enya vya kaitinesi huukatakata ukuta wa adui. Mmea hutengeneza hata sumu zake, zikiwemo zealeksini na kauraleksini. Mmea wenye ukinzani huwahi, doa likabaki dogo. Ulio dhaifu huchelewa, madoa yakaungana na jani likakauka.

Una shaka bado? Kata kipande chenye doa, kiweke koponi juu ya karatasi ya tishu iliyoloweshwa, funika, acha kivulini usiku kucha au siku mbili. Manyoya meusimeusi yakitokea juu ya doa, ni kuvu inazaa.

Madoa yakiwa chini tu na punje zimeshakomaa, pesa ya dawa weka mfukoni. Yakipanda hadi jani la gunzi wakati mbelewele ndiyo inachomoza, nyunyizia dawa ya ukungu. Soma kibandiko, vaa glavu na barakoa.

Ukishavuna, mabua yafukie au lisha ng'ombe, kwa sababu kuvu husalia humo. Msimu unaofuata panda kunde au pojo hapo.

Kuhusu mbegu, tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya pwani, kama PH4, na jirani wasipande wote aina moja. Mwaka 1970 kuvu hii hii iliteketeza takriban asilimia 15 ya mahindi ya Marekani, kwa kuwa sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa na mbegu za ukoo mmoja.