Namna ya Kukuza na Kuchanuza Amarilisi za Amerika Kusini Hapa Lamu

Assalamu alaykum, ndugu watazamaji. Nipo kiwandani, yaani uani, mwa nyumba yetu hapa Lamu, katikati ya mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa inatuaga, na mbele yangu kuna vitunguu sita vya maua ambavyo havijaonja maji tangu mwanzoni mwa Januari. Mtu asiyevijua angevitupa jaani, lakini vi hai, na leo tutavipanda pamoja hatua kwa hatua.

Wauzaji huliita ua hili amarilisi, nami nitalitumia jina hilo kwa kuwa ndilo lililozoeleka, ingawa kwa wataalamu wa mimea Amaryllis ni ua la Afrika Kusini, na hili letu, ambalo asili yake ni Brazil, Bolivia, Peru na nchi jirani, huitwa Hippeastrum. Aina nyingi za huko kwao hupata msimu wa mvua, kisha miezi ya ukavu ambayo kitunguu hulala. Wakulima wa Ulaya huvilaza vitunguu vyao kwenye ubaridi wa nyuzi 13 za Selsiasi kwa wiki 8 hadi 10. Sisi tutaupata wapi ubaridi huo, ikiwa hata usiku wetu mara chache hushuka chini ya nyuzi 20? Ndiyo maana mimi hutumia kiu. Kaskazi inatupa ukavu bila gharama, na aina za kale zenye maua mekundu ya rangi ya chungwa huitikia ukavu huo vizuri kuliko zile chotara zenye maua makubwa ya tabaka nyingi. Ukiamua kutumia friji, usikiweke kitunguu karibu na maembe wala ndizi, kwa sababu hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva huliua chipukizi la ua lililo ndani.

Tuanze na kuchagua. Kibonyezeni kitunguu kwa dole gumba, hasa chini kwenye kitako: kiwe kigumu kila mahali. Mzingo wake ukifika sentimita 24 au zaidi, kuna matumaini makubwa ya ua mwaka huu. Kidogo kuliko hapo, kipandeni kwa ajili ya majani tu na mkipe muda. Mizizi minene myeupe msiikate, kwani hiyo huishi mwaka hadi mwaka.

Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, chenye tundu chini, na kipana kuliko kitunguu kwa vidole viwili tu kila upande. Kuhusu udongo naomba tusikilizane kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza vitunguu vyangu vya kwanza. Nilichanganya mchanga na makumbi ya nazi yaliyokuwa yamezikwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, bila kukumbuka kwamba yamekunywa maji ya bahari kwa miezi, na haukupita mwezi ncha za majani zikageuka kahawia kana kwamba zimeunguzwa. Sasa huchukua makumbi makavu, nikayachambua na kuyaloweka kwenye ndoo ya maji ya mvua, nikimwaga na kubadilisha maji mara tatu. Kisha huchanganya sehemu mbili za makumbi hayo, sehemu mbili za mchanga usio wa ufukweni, na sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyooza hadi haina harufu. Vipande vya matumbawe msivitie, maana vina chokaa nyingi.

Tazameni ninavyopanda. Mizizi naitandaza, udongo naujaza taratibu, na nusu ya kitunguu naiacha juu ya udongo. Ukikizika hadi shingoni, mvua za masika zitakiozesha. Namwagilia mara moja, maji yapite hadi chini, kisha siongezi tena mpaka nione chipukizi. Tumieni maji ya birika la mvua; maji ya kisima chenye chumvi hayafai hata kidogo.

Sasa sogeeni karibu, niwaonyeshe hiki kilichotangulia wenzake. Chipukizi hili limetoka ubavuni mwa shingo, wala si katikati, na ncha yake ni nene, imebapa, kama mdomo wa bata. Hilo ni ua. Jani hutokea katikati na ncha yake ni nyembamba. Bua la ua likishatokeza, mwagilieni kila udongo wa juu unapokauka, na muweke chungu mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, mbali na upepo wa kusi unaobeba chumvi. Tangu kumwagilia hadi kuchanua huchukua wiki tano hadi nane hivi.

Maua yakinyauka, kateni bua, lakini majani msiyaguse. Kwa kawaida kila baada ya majani manne hivi kitunguu huumba ua jipya ndani yake, na ua hilo hukaa karibu mwaka mzima au zaidi kabla ya kuchungulia nje; kwa hiyo majani ya mwaka huu ndiyo yanayolipa ua la mwaka ujao. Vipeni vitunguu mbolea yenye potashi nyingi kila wiki mbili hadi vuli iishe. Mchunguze chini ya majani pia, kwani kuna kiwavi mweusi mwenye madoa meupe na manjano anayeingia ndani ya jani na kuteremka mpaka kwenye kitunguu. Mimi humtoa kwa mkono kila alfajiri. Mbuzi, punda na watoto wasifikie vyungu hivi, kwa maana kitunguu chake kina sumu inayotapisha.

Ikiingia Januari, acheni kumwagilia kabisa. Majani yatageuka manjano yenyewe. Yakishakauka yavuteni kwa upole, kisha mlaze chungu ubavu chini ya ngazi, mahali pakavu penye hewa, hadi Machi nyingine.