Kanisa kuu lililoezuliwa: nipo Elgin, Uskoti

Mambo vipi watu wangu wa nguvu, karibuni tena. Leo nipo Elgin, kaskazini mwa Uskoti, na kama mnaona picha inatetemeka, kamera nzima kabisa, anayetetemeka ni mimi. Saa hizi ni tisa na robo alasiri na jua linazama. Ndiyo, tisa! Desemba ya huku ndiyo hiyo.

Ngoja nigeuze simu. Mnaiona ile minara miwili? Katikati yake ndiyo mlango mkuu. Haya, tuingie... nyasi. Tazama juu: mawingu. Hapa palikuwa na kanisa kuu lililoanzishwa mwaka 1224, zuri hadi wakaliita Taa ya Kaskazini.

Najua mtaniuliza, lilipigwa bomu? Hapana. Moto liliupata, tena wa makusudi. Mwaka 1390 Alexander Stewart, mtoto wa mfalme, yule waliyembandika jina la Mbwamwitu wa Badenoch, aligombana na askofu. Moja ya makosa yake ni kumtelekeza mkewe. Askofu akamtenga na kanisa, naye akashuka na watu wake, akauchoma mji na kanisa lenyewe. Lakini sikilizeni: walilijenga upya. Moto haukuliua.

Kilicholiua ni kuezuliwa. Mwaka 1560 Uskoti iliachana na Papa, waumini wa Elgin wakawa wanasali kanisa la mjini, hili likabaki halina mwenyewe. Mwaka 1567 serikali ikaishiwa hela ya kulipa askari, ikaagiza risasi ing'olewe kwenye paa. Si risasi ya bunduki, jamani, ni ile madini, walikuwa wanaezekea kama sisi na bati. Husimuliwa kwamba meli iliyobeba mzigo huo ilizama. Sasa wewe uliyejenga boma lako Mbagala likaishia kwenye lenta miaka sita bila kupauliwa, unajua mvua inafanya nini. Siku ya Pasaka mwaka 1711 mnara wa kati ukaporomoka, na watu wakaja kujichotea mawe.

Njooni niwaonyeshe chumba kimoja. Kina pande nane, na humu makasisi walikuwa wanakutana. Nguzo ni moja tu, hii hapa katikati, inapanda halafu inatawanyika juu kama mnazi. Nimeigusa, baridi yake kama chupa iliyotoka kwenye friji. Na dari lipo! Kwa nini hapa lipo? Kwa sababu mafundi wa mji waliendelea kukitumia kwa vikao vyao. Mimi sihitaji maelezo mengine.

Kwa hiyo nikakumbuka Glasgow, ninakoishi. Kanisa kuu la pale, la Mtakatifu Mungo, lina paa lake hadi leo. Baada ya 1560 waliligawa, sharika tatu zikasali ndani ya jengo moja, mmoja ukiwa chini kabisa, karibu na kaburi la Mungo. Pananuka unyevu kule chini, lakini watu walikuwepo. Kichekesho ni kwamba linaitwa kanisa kuu na askofu hana kiti. Ni la Wapresbiteri, Wakristo wasio na maaskofu, wenzetu wa PCEA, kanisa la Wapresbiteri kule Kenya, wanaelewa, maana hao walianzishwa na wamisionari wa Uskoti. Nje kidogo kuna sanamu ya Livingstone, huyu huyu ambaye Susi na Chuma walibeba maiti yake hadi Bagamoyo. Kuingia ni bure. Hapa Elgin nimelipa, tena kuangalia mawingu!

Kabla chaji haijaisha, twendeni kwenye hili kaburi. John Shanks, fundi viatu. Miaka ya 1800 kanisa lilikuwa limefukiwa na kifusi, na yeye ndiye aliyekizoa, toroli kwa toroli, maelfu ya toroli, mpaka misingi ikaonekana. Wakamfanya mlinzi wa hapa. Tuliyokanyaga leo yote, yeye ndiye aliyeyafukua.

Mnasikia funguo hizo? Mlinzi wa sasa anakuja kunitoa, wanafunga saa kumi. Betri asilimia nne. Nakuja, kaka, nakuja...