Chura, Mlau na Mkono wa Kwenye Geti

Asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Kipaza sauti hiki kimeshanigomea mara mbili, na sauti yangu yenyewe si ile ya zamani.

Nimeombwa nizungumze na ninyi wahandisi watarajiwa kuhusu mabwawa ya umeme na maisha ya chini ya bwawa. Nitaanza na chura.

Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, watafiti walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu mwaka 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umeshaanza. Ukimweka kwenye ukucha wa kidole gumba anakaa. Hatagi mayai, anazaa vitoto. Na dunia nzima hakuwa na kwao kwingine ila vipande vichache vya majani korongoni, chini ya maporomoko, panapolowa manyunyu usiku na mchana. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ikawa imeingizwa kwenye handaki kwenda kwenye mitambo ya megawati 180. Manyunyu yakakatika.

Tulifanya nini? Tukafunga mabomba korongoni yanyunyize maji kama ya bustani. Vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege hadi New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. (Mnacheka, lakini wangapi hapa wamefika New York?) Mabomba yakaonekana kufaulu: Juni 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000. Januari 2004 wakaonekana watatu tu. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulikutwa, na hadi leo wataalamu wanabishana mchango wa mabomba yaliyosimama kwa muda na tope lililosukumwa kutoka bwawani ulikuwa kiasi gani. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. 2010 wakarudi 100 kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Mimi sikuja kumlilia chura. Ninachotaka mkione ni kwamba pale Kihansi bado tuliweza kununua bomba. Sasa tushukeni Rufiji.

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi mapema 2024. Nchi ilikuwa na mgawo wa umeme, na mimi mwenyewe niliushangilia ule mtambo. Anayewaambia bwawa lile halikupaswa kujengwa, muulizeni jioni anapikia nini.

Lakini chini ya geti kuna watu wenye kalenda. Bibi mzaa mama alilima bondeni Rufiji. Mpunga aliuwahi kati ya Desemba na Februari, ili mafuriko ya masika yaukute umeshasimama. Maji yakishuka, kwenye tope lile lile bichi, anaingia na mahindi na kunde bila kungoja mvua nyingine. Huo ndio mlau. Mbolea hakuinunua hata siku moja, ililetwa na mto. Maziwa ya bondeni, Ruwe, Zumbi, Utunge, nayo yalijazwa na mafuriko hayo hayo, na perege na kambale wakaingia humo kuzaana. Chini zaidi iko delta yenye mikoko mingi kuliko mahali popote Afrika Mashariki, na kamba wanaokulia katika maji yale ya chumvi na baridi yaliyochanganyika.

Sasa mhandisi anakuja na hesabu yake: kwa mwaka bwawa halili maji, linayapitisha tu, kwa hiyo mto haujapungukiwa. Hesabu ni sahihi, toa kinachopotea kwa jua. Ila mpunga hauli wastani wa mwaka. Mtu akikupa chakula cha mwezi mzima kwa kukugawia kijiko kimoja kila saa, hajakupunja hata punje, lakini hujawahi kula mlo.

Halafu kuna jioni. Dar es Salaam inawasha taa, feni na majiko kwa pamoja, mitambo inaongezwa, maji yanapanda. Usiku wa manane watu wamelala, mitambo inapunguzwa, maji yanashuka. Mto uliokuwa na pumzi moja kwa mwaka unaweza kujikuta unahema kila siku. Samaki aliyeingia kwenye dimbwi la pembeni saa mbili usiku, alfajiri hana njia ya kurudi.

Na tope. Linatua bwawani. Maji yanayotoka pale ni safi, na wageni wanayasifu. Mimi yananitisha, kwa sababu maji yaliyoacha tope lake nyuma hutafuta jingine, na huanza na kingo za mto.

Kwa hiyo mnaponiuliza kima cha chini cha maji ya kuachiwa mto kiwe mita za ujazo ngapi kwa sekunde, nawaambia swali hilo ni nusu tu. Sera ya Maji ya 2002 iliyapa mazingira nafasi ya pili, mara baada ya mahitaji ya msingi ya binadamu, mbele ya umeme. Haikusema mazingira yapewe kima cha chini yanyamaze. Nataka kwenye ratiba ya bwawa kuwe na mafuriko ya kupangwa: siku kadhaa za masika, maji yapande taratibu, yatambae bondeni, yashuke taratibu ili mlau uwahi.

Mtaniambia ni umeme unaomwagwa. Si lazima. Mitambo yote tisa ikifanya kazi inapitisha maji mengi kuliko wastani wa mto, na kila tone limefua umeme. Kikwazo ni mnunuzi: mwaka 2024 mahitaji ya juu kabisa ya gridi hayakufika megawati 2,000, na usiku huwa chini zaidi. Ndiyo maana ile njia ya umeme ya kwenda Kenya mimi naihesabu kuwa mradi wa mazingira, ingawa hakuna aliyeizindua kwa jina hilo. Jirani akinunua usiku, mitambo haina haja ya kuzimwa, na mto unaacha kuhema.

Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Mvua ilikuwa kubwa mno, na bila bwawa pia yangekuja. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliye juu ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Yeye anajua kitu kimoja, kwamba siku hizi maji yana mwenye funguo, na anataka apigiwe simu kabla geti halijafunguliwa. Simu hiyo haihitaji modeli ya kompyuta. Inahitaji orodha ya wenyeviti wa vijiji, namba zao, na mtu wa zamu mwenye vocha.

Dada pale umenyoosha mkono tangu nilipotaja tope. Karibu, tuanze na wewe.